Rambirambi Zinazovuka Mpaka

Leo nimekuja na jambo ambalo kila yanapotokea maafa makubwa nje ya nchi huzua mabishano huku nyumbani: tuwape walio mbali, au tuwatazame kwanza wa kwetu?

Naanzia mwaka 2023, kwa sababu mwaka ule ulituonyesha pande zote mbili, kutoa na kupokea, kabla haujaisha.

Alfajiri ya tarehe 6 Februari, watu wakiwa usingizini, tetemeko la ukubwa wa 7.8 lilipiga kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria. Mchana wa siku hiyohiyo likaja la pili, la 7.5. Uturuki peke yake ilizika watu zaidi ya 50,000. Serikali ya Tanzania ikatoa mkono wa pole wa dola milioni 1 za Kimarekani, kama shilingi bilioni 2.3 kwa bei ya dola ya siku zile. Habari ilipotoka, watu wakapiga hesabu. Katika ule mpango wa fedha za UVIKO wa mwaka 2021, darasa moja lilitengewa shilingi milioni 20. Basi bilioni 2.3 ni madarasa 115. Hesabu hiyo ni sahihi, na aliyeipiga si mtu wa roho mbaya. Ni mzazi ambaye mwanawe anasomea kwenye chumba kilichofurika watoto, na anataka kujua kwa nini huruma ya nchi yake imepita juu ya kichwa cha mtoto huyo ikaenda kutua Uturuki. Ukimjibu kwa kumwambia kwamba hana utu, umemwonea.

Kabla mabishano hayajapoa, ikawa zamu ya Malawi. Kimbunga Freddy kilizaliwa kando ya Australia mwanzoni mwa Februari, kikaivuka Bahari ya Hindi yote, kikapiga Madagaska, kikapiga Msumbiji, kikarudi baharini kujikusanyia nguvu, kikapiga Msumbiji mara ya pili tarehe 11 Machi, halafu mvua zake zikaingia kusini mwa Malawi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekitambua kuwa ndicho kimbunga cha kitropiki kilichodumu muda mrefu kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Katika jiji la Blantyre, nyumba zilizojengwa kwenye miteremko ya mtaa wa Chilobwe zilifukiwa na tope na mawe. Malawi ilihesabu zaidi ya watu 650 waliokufa, zaidi ya 500 ambao hawakuonekana tena, na zaidi ya 650,000 waliohama makazi yao. Na yote hayo yaliwakuta wakiwa tayari katikati ya mlipuko wa kipindupindu mbaya kuliko wowote uliowahi kuipata nchi hiyo. Tanzania ikapeleka unga, mahema, blanketi, fedha na helikopta za jeshi. Nikalisikia tena swali lilelile: kwani huku hakuna wenye njaa?

Kisha ikafika Jumapili ya tarehe 3 Desemba. Mvua ilikuwa imenyesha juu ya Mlima Hanang. Miamba dhaifu ya mlimani ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia, na ubavu wa mlima ukameguka. Tope likashuka likizoa miti na mawe, likapita Gendabi na Jorodom, likaingia mji mdogo wa Katesh watu wakiwa ndiyo kwanza wanaamka. Walikufa watu 89. Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa mabadiliko ya tabianchi, akakatiza safari akarudi. Misaada ikaanza kupanda kwenda Manyara kutoka kila upande. Mwaka mmoja baadaye, familia zilizopoteza makazi zilikabidhiwa nyumba 109 kule Waret, baadhi zikiwa zimejengwa na Serikali na baadhi na Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania. Chama hicho na Hilali Nyekundu ya Uturuki wako katika shirikisho moja la dunia, ambalo wanachama wake huchangiana yanapowafika.

Sidai kwamba shilingi iliyokwenda Uturuki mwezi wa pili ndiyo iliyorudi Hanang mwezi wa kumi na mbili ikiwa tofali. Mambo hayaendi hivyo, na anayetoa huku anahesabu atakavyolipwa hajatoa bado. Ninachokiona katika mwaka ule ni kwamba hakuna nchi inayojichagulia siku ya kuwa mfiwa. Aliyebeba unga Machi alikuwa kwenye foleni ya blanketi Desemba.

Hebu tutazame tunavyoishi sisi wenyewe, kwa sababu jibu la swali hili tunalo tayari na tunalitumia kila wiki. Kwenye msiba wa jirani, hata kabla turubai halijakazwa, tayari kuna mtu ameketi na daftari. Anaandika jina, anaandika kiasi: elfu mbili, elfu tano, elfu kumi, kilo tano za mchele, mfuko wa mkaa, fulani ametoa gari la kwenda makaburini. Katika foleni ile ya kuandikisha yumo anayedaiwa kodi ya chumba. Yumo ambaye paa lake linavuja na ada ya mwanawe hajaimaliza. Hakuna hata mmoja anayesimama kusema, mimi sitoi kwa sababu na kwangu kuna shida. Anatoa kile kidogo, kwa sababu shida ya kwake ilikuwepo jana na itakuwepo kesho, lakini mwenzake leo ana maiti ndani. Rambirambi haikusudiwi kumtoa mtu kwenye umaskini. Inakusudiwa kumvusha siku tatu ambazo hawezi kuzivuka peke yake.

Msaada wa maafa ni rambirambi. Unga uliokwenda Blantyre haukwenda kuondoa umaskini wa Malawi, na dola milioni 1 haikwenda kuijenga Uturuki, nchi ambayo makandarasi wake ndio waliotujengea reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam. Vilikwenda kusema: tumesikia, tumefika, shikeni hiki. Kwa Malawi, tena, tulikuwa na zaidi ya ujirani. Wayao wa Tunduru na Masasi wana koo zao Mangochi na Machinga, na Wanyakyusa wa Kyela wanaamkiana na Wangonde ng'ambo ya mto Songwe. Kumwambia mtu wa Tunduru kwamba Mmalawi ni mtu wa nje ni kumwambia habari ya ramani, si habari ya familia yake.

Sasa turudi kwenye yale madarasa 115, kwa sababu hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosema ndani kwanza. Darasa si rambirambi. Dawati, choo cha shule, dawa kwenye zahanati, daraja la kijiji, hivyo havitakiwi kungoja huruma ya mtu. Ni haki ya mlipa kodi, na mlipa kodi ni pamoja na mama anayeuza mboga, maana hata kwenye sabuni aliyonunua asubuhi kuna kodi ndani yake. Mtoto akikaa chini, kuna mtu anadaiwa. Ukizisaka fedha za dawati lake kwenye unga wa Malawi, umemwachia mdaiwa aondoke zake. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anamkabidhi Rais ripoti yake, nayo hufikishwa bungeni. Ripoti hizo zinaeleza, halmashauri kwa halmashauri, fedha zilizotumika bila stakabadhi, miradi iliyolipiwa isikamilike, mapato yaliyokusanywa yasifike benki. Anayetaka kujua madarasa yalipotelea wapi aanzie huko. Ningependa kuona hasira ile ya Februari 2023 ikiamka kila mwaka ripoti hiyo inapotoka, na iamke kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu kinachopotea humo hakikumsaidia mjane wa nchi yoyote.

Lakini nisiishie hapo. Nadhani nyuma ya hesabu ya madarasa kuna jeraha jingine, na jeraha hilo ni la kweli. Watu hawaamini kwamba wanachokitoa kinafika. Na hawakuanza kutoamini bila sababu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga mkoa wa Kagera. Walikufa watu wasiopungua 17, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupasuka, hasa Bukoba na Missenyi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilifungwa kwa uharibifu. Nchi nzima ilichanga. Majirani walituma vyao: kutoka Kenya yalikuja mabati, magodoro na blanketi, na Uganda ikatoa fedha. Uingereza baadaye ilisaidia kuijenga upya Ihungo. Kabla mwezi haujaisha, maofisa wawili walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti ya maafa. Januari 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, akawaambia wananchi wa Bukoba kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake. Michango ikaelekezwa kwenye shule, zahanati na majengo mengine ya umma.

Uamuzi huo una hoja zake. Shule ni ya wengi, nyumba ni ya mmoja, na Serikali ikianza kujenga nyumba za watu binafsi haina pa kukomea. Naweza kuitetea hoja hiyo. Nisichoweza kukitetea ni kwamba ilisemwa baada ya mchango, si kabla. Mtu aliyetuma elfu kumi kutoka Mtwara alikuwa ameona kwenye televisheni bibi aliyeketi nje ya nyumba iliyolala chini. Alidhani anampelekea bibi yule bati. Kama angeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba elfu kumi yake itakuwa ukuta wa shule, huenda angetoa vilevile, na kwa moyo mweupe. Hakuambiwa. Na bibi yule alijua kwamba kuna fedha zimechangwa kwa picha yake, akakaa anazingoja.

Nilipousikia ubishi wa Uturuki, ndani yake niliisikia Bukoba. Mtu ambaye hajawahi kusomewa hesabu za msiba wa nyumbani anapoambiwa kwamba fedha zimevuka bahari, moyo wake unakataa kabla hajajua zimekwenda kwa nani. Kwenye msiba wa mtaani hesabu zinasomwa. Siku ya kuanua matanga katibu wa kamati anasimama mbele ya watu wote na daftari lilelile. Anasoma mapato: fedha taslimu kiasi kadhaa. Anasoma matumizi: sanda au jeneza, gari, chakula, turubai na viti vya kukodi. Anasema kilichobaki ni hiki na tunamkabidhi mfiwa. Kama kuna deni, analitaja, na watu wanaingiza mkono mfukoni tena palepale. Nimeona watu wakitoa mara ya pili kwa sababu tu hesabu ilisomwa. Sijaona mahali ambapo kusoma hesabu kuliwapunguza watoaji.

Jambo hili ni la zamani, msikilizaji. Wakristo wanaosoma barua ya pili ya Mtume Paulo kwa Wakorintho watakumbuka ule mchango wa kuwasaidia waumini wa Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia yalikuwa maskini, na bado yalitoa kwa watu wa nchi nyingine ambao hawakuwahi kuwaona. Paulo hakukubali kuubeba mchango ule peke yake. Alitaka wajumbe waliochaguliwa na makanisa wafuatane nao, ili pasiwe na mtu wa kumtilia shaka. Na Waislamu wanaujua Mwaka wa Majivu, zama za Khalifa Umar, ukame ulipoikausha Hijazi. Umar aliwaandikia magavana wa majimbo, na misafara ya ngamia wenye chakula ikaja Madina kutoka Sham. Wanazuoni wa fikihi wanasema zaka hutolewa kwanza kwa maskini wa mahali ilipokusanywa, lakini wengi wao wanaruhusu ihamishwe pale penye haja kubwa zaidi. Kwa hiyo wazee wa dini zote mbili walikwisha kulijua swali letu, na hawakufunga mlango upande wowote.

Kuna kisa kimoja ninachokipenda zaidi ya vyote katika mjadala huu, nacho ni cha Kongo. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko liliiangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Siku chache baadaye Serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikatangaza kutoa dola milioni 2.5. Wakongo wengi walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Mashariki ya nchi ilikuwa imejaa wakimbizi wa ndani. Walimu walikuwa wakifundisha bila mshahara wa maana, wazazi ndio waliokuwa wakichanga kuwalipa. Nchi ya namna hiyo inapata wapi milioni 2.5 za kupeleka Karibi?

Lakini waulize Wakongo wa umri mkubwa. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Wabelgiji walipoondoka kwa wingi, nchi ile kubwa ilibaki na wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Miongoni mwa waliokuja kuziba pengo walikuwa Wahaiti: walimu, madaktari, wahandisi, watu weusi wenye elimu na Kifaransa, wengine wakiukimbia utawala wa Duvalier. Walifundisha Kinshasa, walifundisha hata kwenye miji ya mbali ya mikoani. Kuna Mkongo aliyejifunza hesabu kwa Mhaiti. Miaka hamsini baadaye mwalimu wake yuko chini ya kifusi. Je, amwambie subiri kwanza tumalize matatizo yetu?

Mimi nasema Kongo ilikuwa sahihi kuahidi, na mwalimu wa Bukavu alikuwa sahihi kudai mshahara wake, tena siku hiyohiyo na kwa sauti hiyohiyo. Hayo ni madaftari mawili. Nchi ya Kongo, yenye kobalti na shaba na dhahabu, haikushindwa kumlipa mwalimu kwa sababu ya Haiti. Na kama Haiti isingepewa hata senti, mwalimu yule asingelipwa kwa hiyo senti. Hilo ndilo jambo ambalo wanaosema ndani kwanza hawajanijibu bado: fedha zisipokwenda nje, nani amethibitisha kwamba zinabaki kwa maskini wa ndani?

Tukikubaliana kwamba kutoa nje si dhambi, linabaki suala la namna ya kutoa, na hapa kuna mengi ya kujirekebisha.

La kwanza ni wakati. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi kwamba kuna baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia. Uchunguzi uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba watu kama 260,000 walikufa kwa njaa ile, zaidi ya nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kufa kabla tangazo halijasomwa. Onyo lilikuwepo, mvua zilikuwa zimekosekana mara mbili mfululizo, lakini mifuko ya dunia ilifunguka picha zilipoanza kuonekana. Mwezi huohuo wa Julai, Wakenya walikuwa wanaiona Turkana yao ikifa njaa. Wakaanzisha kampeni ya Kenyans for Kenya, wakiongozwa na Msalaba Mwekundu wa Kenya, vyombo vya habari na kampuni kubwa za nchi. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya kwa mwezi mmoja, na lengo lilivukwa. Watu walituma kwa M-Pesa, mtu na kidogo chake, kutoka kwenye vibanda na matatu. Wenye kusema ndani kwanza wana haki ya kuitaja kampeni hiyo kwa fahari. Ninaongeza tu kwamba miezi ileile wakimbizi wa Kisomali walikuwa wanaingia Dadaab kwa maelfu, na Wakenya haohao waliwapokea.

La pili ni kutuma fedha badala ya vitu, inapowezekana. Najua vitu vinapendeza kutoa. Gunia linaonekana, linapigwa picha. Lakini kila baada ya maafa makubwa bandari na viwanja vya ndege hujaa nguo ambazo hakuna anayezihitaji, na watu wanaotakiwa kuokoa majeruhi wanashinda wakichambua mitumba. Kule Somalia, mashirika yaliposhindwa kupitisha chakula kwa sababu ya vita, yalipitisha fedha kwa wafanyabiashara wa hawala, na familia zikanunua nafaka kwenye masoko yao wenyewe. Muuza duka naye akabaki na duka. Yapo maafa ambayo soko lenyewe limezama, kama Malawi ya Machi 2023, na hapo unga na helikopta ni sawa kabisa. Anayejua ni aliyeko pale. Aulizwe kwanza.

La tatu ni kuwatafuta wenyeji. Tangu vita vilipoanza Sudan tarehe 15 Aprili 2023, vijana na akina mama wa mitaa wamekuwa wakipika chakula cha pamoja kwa majirani zao, majiko wanayoyaita takaya, hata katika sehemu ambazo magari ya mashirika makubwa yameshindwa kufika. Wanajua nani hajala tangu juzi. Mchango mdogo unaopita kwa watu kama hao una safari fupi ya kufika tumboni. Tena Sudan ni mfano wa maafa yanayosahauliwa kwa sababu hayana siku moja ya kishindo. Tetemeko linatikisa dunia kwa dakika moja na kamera zote zinakwenda. Njaa inaua polepole, na picha zake zinafanana, watu wanachoka kuzitazama.

Nataka pia nilisifu jambo moja la uaminifu ambalo halikupata sifa ya kutosha. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, iliyoua zaidi ya watu 220,000 kuzunguka Bahari ya Hindi na kufika mpaka fukwe za Dar es Salaam ikachukua waliokuwa wanaogelea, dunia ilichanga kwa kiasi kisichowahi kuonekana. Siku chache baadaye shirika la Madaktari Wasio na Mipaka liliwaambia wachangiaji wake: kwa ajili ya tsunami sasa tunazo fedha za kutosha, msitume tena kwa kazi hii. Likawaomba waliokwisha kutuma waliruhusu lihamishie fedha kwenye maafa mengine yasiyo na wachangiaji. Hebu fikiri maneno hayo yakitoka kwenye kamati ya maafa ya wilaya yako: asanteni, zimetosha. Ningeiamini kamati hiyo maisha yangu yote.

Sasa wewe mwenye elfu tano mkononi, unayenisikiliza ukiwa jikoni au kwenye bodaboda, utaniuliza: basi niitume wapi? Nitakueleza ninavyoamini mimi. Ikiwa pana mtu unayemjua kwa jina, ndugu au jirani, na leo hana chakula, huyo ndiye wako wa kwanza, wala huhitaji mtu wa redio kukwambia. Yakitokea maafa ya ghafla nchini, toa mapema. Yakitokea kwa jirani zetu wa mpakani, yahesabu kama ya nchini. Watu wa Gisenyi hawakungoja mjadala tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na mamia ya maelfu wakavuka kwa miguu kuingia Rwanda. Na yakitokea mbali kabisa, Uturuki au Haiti, toa kidogo cha kusema pole, kwa njia unayoiamini. Usitume kwa namba ya simu iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuihakiki kwenye chombo kinachojulikana. Matapeli nao huamka siku ya maafa, na wanaamka mapema kuliko kamati.

Na kwa Serikali, yangu ni ombi moja, nalo halihitaji sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imekwisha kuweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa mpaka kijiji na mtaa, na imeweka mfuko wa maafa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi ya kijiji kusomwa humo. Shule za msingi zimezoea kubandika fedha zilizopokelewa kwenye ubao wa matangazo, mzazi akipita anasoma. Basi kila mchango wa maafa ubandikwe vivyo hivyo, wa Hanang na wa Malawi pia. Yaandikwe mambo manne kwa kalamu nene: tuliahidi kuufanyia nini, zimeingia kiasi gani, zimetumika wapi, zimebaki ngapi na ziko kwa nani. Ubandikwe Katesh ofisi ya kata, ubandikwe na Bukoba, hata kama imepita miaka, kwa sababu bibi yule bado ana haki ya kusomewa daftari la msiba wake.